Kikaratasi cha Richard Herrick

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Richard Herrick alimwandikia pacha wake Ronald kikaratasi akimsihi aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Asubuhi yake Dkt. Joseph Murray na wenzake walimpandikizia Richard figo moja ya Ronald, na Richard akaishi miaka minane zaidi.

Wanahistoria hupenda kusimulia kisu. Mimi hunisumbua kile kikaratasi.

Madaktari wale walikuwa wameomba rai ya viongozi wa dini na wanasheria, kwani walikusudia kumpasua mtu mwenye afya kamili kwa manufaa ya mwingine, jambo ambalo kiapo chao hakikulitarajia. Waliketi na familia pia. Ronald aliuliza iwapo hospitali ingemtunza maisha yake yote. Yaani alijiulizia yeye mwenyewe, wala hakuna aliyemwona mchoyo.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Renée Fox na Judith Swazey walichapisha The Courage to Fail, utafiti wao juu ya upandikizaji. Humo mna jambo ambalo wanafunzi wangu hubishana nalo kila mwaka: ndugu alipokuwa hataki kutoa figo lakini anaogopa kutamka, baadhi ya madaktari waliiambia familia kwamba hafai kitabibu.

Hapa Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India pamoja na ndugu wa kuwachangia. Katika miaka hiyo nilihudhuria kikao cha ukoo kwa ajili ya baba mdogo. Wazee walimtaja binti yake wa mwisho, kwa kuwa hajaolewa. Shangazi akasema, "Amekubali." Binti hakuwa amefungua kinywa.

Kwenye ushauri nasaha, muuguzi alitusikiliza sote, kisha akatuomba tutoke. Binti aliomba abaki na rafiki yake wa shule, si shangazi. Mlango ulifungwa karibu saa nzima. Wiki iliyofuata tuliambiwa kwamba vipimo havikuafikiana.

Baba mdogo aliendelea kusafishwa damu mpaka alipofariki. Binti yule sasa ni mama wa watoto wawili, na kila Idi huniletea maandazi. Sijawahi kumuuliza.