Ndege Moja, Ufaransa Mbili

Ndege ya Martin 167, ambayo Waingereza waliipa jina la Maryland na Wafaransa wakazoea kuiita Glenn kwa jina la kwanza la mwenye kiwanda, ilikuwa ndege nyepesi ya mabomu yenye injini mbili, iliyobuniwa Baltimore nchini Marekani na kurushwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1939. Hakuna hata moja iliyobaki nzima katika makumbusho yanayojulikana. Mtu anayetaka leo kuiona kwa umbo lake lote, kutoka pua ya kioo hadi mkia, hana budi kuridhika na picha za zamani au na seti ya modeli, yaani boksi la vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe kwa gundi na kuvipaka rangi, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili.

Kipimo hicho kina asili yake. Waingereza walipokuwa wakipima kwa futi na inchi, waliona ni rahisi inchi moja ya modeli isimame badala ya futi sita za kitu halisi, na kwa kuwa futi sita zina inchi 72, hesabu ikakaa hivyo hadi leo. Faida yake ni kwamba mtu mrefu wa futi sita huwa inchi moja kamili, jambo linalomwezesha mtazamaji kukadiria ukubwa wa chombo bila karatasi wala kalamu. Maryland yenye mabawa ya mita 18.69 huwa na upana wa sentimita 26 hivi, na urefu wake wa mita 14.22 hushuka hadi chini kidogo ya sentimita 20. Kinachoshangaza zaidi kwenye modeli ni wembamba wa kiwiliwili. Vipande viwili vya ubavu vinapokutanishwa, nafasi inayobaki katikati haizidi upana wa kidole, na hapo ndipo maelezo ya marubani yanapoeleweka, kwamba katika ndege hii rubani, mlenga mabomu na mpiga bunduki wa nyuma hawakuweza kubadilishana nafasi angani, hivyo rubani akijeruhiwa hapakuwa na wa kumsogeza na kushika usukani.

Jeshi la Marekani liliitazama ndege hiyo na kuchagua nyingine. Walioitaka ni Wafaransa, ambao Januari 1939, wakijua kwamba viwanda vyao haviendani na kasi ya Ujerumani, waliagiza ndege 115 kabla hata ya mfano wa kwanza kuruka, kisha wakaongeza mia moja. Sheria ya Marekani ya kutoegemea upande wowote ilizuia silaha kusafirishwa baada ya vita kuanza, na kizuizi hicho kilipoondolewa Novemba 1939 ndege zilianza kuvuka bahari zikiwa ndani ya makasha na kuunganishwa Casablanca, nchini Moroko. Kwa maneno mengine, ndege halisi nayo ilifika kama seti, vipande ndani ya boksi, ikisubiri mafundi. Iliingia vitani tarehe 22 Mei 1940, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 22 Juni, Ufaransa ikatia saini mkataba wa kusimamisha vita.

Kuanzia hapo historia ya Glenn inagawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaoipa modeli yake thamani kuliko modeli za ndege nyingi mashuhuri zaidi. Nyingi zilikuwa zimehamishiwa Afrika Kaskazini na zikabaki mikononi mwa serikali ya Marshal Pétain yenye makao yake Vichy, iliyokubali masharti ya Ujerumani. Septemba 1940, baada ya Waingereza na Wafaransa wa Jenerali de Gaulle kuishambulia Dakar, zilikuwa miongoni mwa ndege zilizotumwa kulipiza kisasi kwa kuipiga Gibraltar. Juni na Julai 1941 zilipigana Syria dhidi ya Waingereza na Waaustralia. Wakati huohuo zile ambazo Ufaransa ilikuwa imeziagiza na hazijafikishwa zilichukuliwa na Uingereza, zikaruka kutoka Malta na Misri, na ni Maryland iliyopiga picha za bandari ya Taranto kabla manowari za Italia hazijashambuliwa humo Novemba 1940.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki, ndege chache za aina hiyohiyo zilikuwa Aden mwaka 1940, zikirushwa na Wafaransa waliokataa kusalimu amri na waliowekwa chini ya kikosi nambari 8 cha jeshi la anga la Uingereza. Kazi yao ilikuwa kuvuka ghuba na kuchunguza ngome za Waitalia katika Pembe ya Afrika, safari ndefu ambazo ndege za zamani za kikosi hicho zilikuwa na kasi ndogo mno kuzifanya kwa usalama, wakati Glenn iliweza kukimbia karibu kilomita 490 kwa saa. Septemba 1940 mojawapo iliangushwa eneo la Dire Dawa, nchini Ethiopia.

Hapo linazuka swali lililowasumbua wapiganaji wa pande zote: ndege inayokuja ni ya nani? Katika vita hivyo askari wa mizinga na vijana wa shule walifundishwa kutambua ndege kwa umbo lake jeusi angani, na mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wachonge modeli za mbao nusu milioni kwa kipimo kilekile cha 1:72, zitumike darasani. Elimu hiyo ilidhani kwamba umbo humtaja mwenye ndege. Kwa Glenn dhana hiyo ilivunjika, kwa sababu umbo lilikuwa moja na mabwana wawili, na nembo ya duara la rangi tatu ya Ufaransa haikusaidia chochote kwa kuwa Waingereza nao walitumia bluu, nyeupe na nyekundu, wakibadili mpangilio tu. Ndipo serikali ya Vichy, kuanzia 1941, ikaamuru ndege zake zipakwe mistari ya njano na nyekundu kwenye mifuniko ya injini na mkiani, mistari mikali inayoonekana kutoka mbali, nao Wafaransa Huru, yaani wale wa de Gaulle, wakatumia msalaba wa Lorraine, wenye vipande viwili vya mlalo, ambao Admirali Muselier aliupendekeza uwe alama yao. Rangi ya ndege ikawa tamko la kisiasa.

Kisiwa cha Madagaska nacho kilikuwa chini ya Vichy. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza, wakihofia Wajapani wasiitumie bandari ya Diego Suarez, walitua kaskazini mwa kisiwa, na alfajiri hiyo ndege kutoka kwenye manowari zao zikaupiga uwanja wa Arrachart, ambako Wafaransa waliweka Morane za kivita na Potez 63.11, ndege ya upelelezi yenye injini mbili iliyoweza kubeba mabomu madogo. Siku chache baadaye Maryland za jeshi la anga la Afrika Kusini, zilizopitia Lindi katika pwani ya Tanganyika, zilihamia Arrachart. Msomaji wa Kiswahili na apime kejeli ya jambo hili: ndege iliyobuniwa Marekani na kununuliwa kwanza na Ufaransa ili iilinde Ufaransa iliondoka pwani ya Waswahili kwenda kuipiga serikali ya Ufaransa.

Chini ya ndege hizo walitembea askari wa King's African Rifles, waliojulikana kote kama KAR. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ilishiriki katika kutua Majunga tarehe 10 Septemba 1942 na kuelekea mji mkuu wa Antananarivo, uliotekwa tarehe 23. Walichokutana nacho zaidi ya risasi ni vizuizi, yaani miti iliyoangushwa na kuta za mawe zilizojengwa katikati ya barabara, ambazo askari walizibomoa kwa mikono kilomita baada ya kilomita. Waliosimama upande wa pili walikuwa pia Waafrika kwa sehemu kubwa, Wamalagasi na Wasenegali katika sare za Ufaransa. Mkataba ulitiwa saini usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba, saa sita ikiwa imeshapita. Wanahistoria wengi huamini kwamba Wafaransa waliuchelewesha makusudi ili vita vitimize miezi sita na wapiganaji wao wastahili nishani na malipo ya kampeni.

Batalioni ya Uganda, ile ya nne ya KAR, haikuwa katika brigedi hiyo. Wanajeshi wa Uganda walipigana Ethiopia na baadaye Burma. Hata hivyo kambi yao ilikuwa Bombo, kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala, na barabara iendayo huko, iitwayo Barabara ya Bombo hadi leo, inapita Bwaise. Mtaa huo wa bondeni katika tarafa ya Kawempe, wenye kata za Bwaise I, II na III, hutajwa magazetini hasa kwa mafuriko ya mfereji wa Lubigi na kwa msongamano wa magari pale Barabara ya Mchepuko ya Kaskazini inapokutana na ile ya Bombo, na ni nadra kutajwa kama njia ya askari. Kiswahili kilichosikika kwenye njia hiyo kilikuwa Kiswahili cha kambini, kikali na kifupi, na sifa hiyo ya lugha ya bunduki imekifuata Uganda kwa miongo mingi, jambo lisilo la haki kwa lugha yenye tendi na fasihi ya karne nyingi.

Modeli ya plastiki na Bwaise zina jambo moja linaloziunganisha, nalo ni plastiki yenyewe. Seti hutengenezwa kwa polistirini iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na vipande hutoka vikiwa vimeshikamana na fremu nyembamba ambayo mtumiaji huikata kwa kisu. Gundi yake hufanya kazi kwa kuyeyusha uso wa vipande viwili hadi viwe kitu kimoja. Chupa za maji zinazoziba mifereji ya Bwaise kila mvua kubwa inaponyesha ni plastiki ya aina nyingine ambayo gundi hiyo haiiyeyushi, na ndiyo maana mtoto wa mtaani anayeunda ndege kwa chupa na vizibo huifunga kwa waya. Ndege ya mtoto haina kipimo, lakini magurudumu yake huzunguka, jambo ambalo modeli nyingi za dukani haziliwezi.

Miongoni mwa waliotengeneza Maryland ya 1:72 ni kampuni ya Uingereza iliyotumia jina la Frog, ambayo tangu 1936 ilikuwa imeuza seti za plastiki kabla ya wengine kuifikiria biashara hiyo. Frog ilifungwa mwaka 1976 na kalibu zake nyingi zikauzwa Umoja wa Kisovieti, na Maryland ikaendelea kutoka huko chini ya jina la Novo, hivyo baada ya kutumikia Ufaransa mbili, Uingereza na Afrika Kusini, umbo lilelile likapata bwana mwingine.

Hatua ya mwisho ya kuunda modeli ni kubandika dekali, yaani nembo na mistari iliyochapwa kwenye karatasi ya gundi, ambayo hukatwa, huloweshwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi na kuteleshwa polepole hadi mahali pake. Plastiki haijui iko upande gani wa vita. Mwenye modeli ndiye huamua kama ndege yake itakuwa na mistari ya njano na nyekundu au msalaba wa Lorraine, na kwa kuwa dekali iliyokauka hupasuka ikisogezwa, huamua mara moja. Katika seti inayotoa pande zote mbili, alama za upande usiochaguliwa hubaki ndani ya boksi.