Ujiji na Kigoma: Majumba na Miembe ya Mwisho wa Njia ya Misafara

Ujiji uko kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita chache kusini ya Kigoma. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ndiko ilikokomea njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Matajiri wa mji huo walijenga kwa udongo, na udongo haukustahimili mvua za Kigoma kwa muda mrefu. Ndiyo maana mgeni anayezungushwa Ujiji leo huonyeshwa miti kabla ya kuta: safu za miembe mikongwe ndizo mabaki makubwa ya enzi ile.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwenye ufuko huu kufikia miaka ya 1840. Wenyeji wao walikuwa Wajiji, watu wa jamii ya Waha, waliokuwa wavuvi, wakulima na mabaharia hodari wa mitumbwi. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipowasili Februari 1858 walikuta soko tu na nyumba chache za wageni. Miaka 18 baadaye msafiri Henry Morton Stanley, alipofika kwa mara ya pili, alikuta mji wenye mitaa miwili: Ugoi, walikokaa Waarabu, na Kawele, walikokaa waungwana wa pwani, watumwa na wenyeji. Kiongozi wa wafanyabiashara alikuwa Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani ambaye baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua kuwa liwali wake.

Jumba la tajiri wa Ujiji lilikuwa tembe. Kuta zake zilikuwa nene, za miti iliyokandikwa udongo, na dari lake lilikuwa bapa, la boriti zilizoshindiliwa udongo juu. Mbele palikuwa na baraza pana iliyotazama sokoni, na nyuma palikuwa na ua wenye maghala na vyumba vya watu wa nyumbani. Barazani ndipo mambo yote yalipoamuliwa: bei ya pembe, safari ya Manyema ng'ambo ya ziwa, mashauri ya deni. Msafiri David Livingstone naye alikaa katika tembe ya namna hiyo. Mahali pake pa kukaa palikuwa na mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wenye baridi.

Nyumba hizo zilizungukwa na bustani. Michikichi na migomba ilikuwapo tangu zamani. Wageni waliongeza mipapai, mikomamanga na miembe, wakalima mpunga, ngano na vitunguu. Vichwa vya miti hiyo vilionekana juu ya kuta za udongo.

Soko liliunganisha mji mzima. Chumvi ilitoka Uvinza, mawese na samaki vilitoka mwambao, na pembe za ndovu zilivushwa kutoka ng'ambo ya magharibi. Watumwa nao waliuzwa hapo hapo. Fedha ya soko ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, ambazo Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, alizifananisha na vipande vifupi vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi wabadilishaji walikuja na mifuko iliyojaa sofi, wakawapa wanunuzi kwa kubadilishana na nguo au bidhaa nyingine. Soko lilipovunjika walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Utajiri huo ulibebwa mabegani mwa watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo na bunduki kwenda bara na pembe kwenda pwani. Pamoja nao walitembea mateka kutoka Manyema na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo. Simulizi za Ujiji husema miembe iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa njiani. Hata hivyo, safu zake zimenyooka na nafasi kati ya mti na mti inakaribia kulingana, dalili kwamba ilipandwa kwa makusudi ili kutoa kivuli na matunda. Mikono iliyoipanda haikuandikwa popote, lakini kazi yake ingali imesimama. Wazao wa watu wa Manyema nao wamekuwa sehemu kubwa ya mji, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Kituo kinachotembelewa zaidi ni Kumbukumbu ya Livingstone. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869, akaenda Manyema, na akarudi Oktoba 1871 akiwa mgonjwa. Alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar zimekwisha kuuzwa. Katika safari hiyo ya Manyema alikuwa ameshuhudia mauaji ya mamia ya watu sokoni Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Stanley alimkuta Ujiji. Tarehe inayotajwa sana ni 10 Novemba 1871, ingawa hesabu za siku za wasafiri hao wawili hazilingani. Watu wa kwanza kumlaki Stanley walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, wale wale ambao mwaka 1873 walikuwa mbele katika safari ya kuupeleka mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Taarifa ya Nyangwe ilichochea hasira Uingereza, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Mwembe ambao inasemekana Stanley na Livingstone walikutana chini yake ulikufa katika miaka ya 1920, na mahali pake pakajengwa mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba. Miembe iliyopo sasa inasemekana ni vizazi vya ule wa kwanza. Kando yake kuna makumbusho yenye sanamu za Livingstone na Stanley wakiamkiana.

Mgeni hushangaa kuona mnara uko mbali na maji, ilhali mji ulikuwa bandari. Sababu ni Mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa, ulio upande wa Kongo. Mlango huo ulikuwa umeziba na ziwa likawa linapanda. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1870 kizuizi kilivunjika, maji yakashuka kwa mita kadhaa, na ufuko wa Ujiji ukasogea. Ghuba ya Kigoma ilibaki na kina cha kutosha meli kubwa.

Ndiyo maana reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi, iliishia Kigoma Februari 1914. Stesheni yao ingali inatumika, nalo jumba la Kaiserhof limekuwa Ikulu ndogo. Mjini husimuliwa kwamba lilijengwa kwa ajili ya Kaiser Wilhelm II, lakini mfalme huyo hakufika kamwe Afrika Mashariki. Reli hiyo ndiyo iliyoleta vipande vya meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kushushwa ziwani Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa Ujiji, urithi huo hauishii kwenye mnara wa Livingstone. Safu za miembe zilizo katikati ya makazi ya watu zinastahili ulinzi ule ule, kwa kuwa ndizo alama kubwa iliyobaki ya maelfu ya watu waliopita hapo bila majina yao kuchongwa kwenye jiwe lolote.