Chombo na Bwana Wake

Labda wewe msomaji unakaa Likoni, au Kisauni, au Changamwe, na siku moja umepata katika vitu vya mtumba kigari cha kuchezea pamoja na kisanduku chake, chenye vijiti viwili na antena ndefu ya kuvuta. Kisanduku kimechakaa, kigari hakiendi, na muuzaji ameapa kwamba vyote ni vizima. Kabla hujafungua skurubu ya kwanza, yafaa ujue habari ya vitu hivyo, kwa maana ugonjwa utakaoukuta ndani yake uliwasumbua mabingwa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Shina la jambo ni hili. Barua huandikwa jina la mwenyewe, ikafungwa, ikapelekwa nyumbani kwake. Wimbi la redio halina adabu hiyo. Huenda pande zote, likapita juu ya kila paa, na kila mwenye chombo cha kulipokea hulipata. Basi chombo kitamjuaje bwana wake?

Aliyelileta swali hili mbele ya watu ni Nikola Tesla, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Kroatia, aliyehamia Marekani. Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme mjini New York, aliweka mashua ndogo ya chuma katika dimbwi, akaiendesha huku na huku pasipo kuigusa wala kuifunga waya. Wako waliodhani ni uchawi. Naye Tesla alipenda mzaha; husimuliwa kwamba aliwaalika waiulize mashua maswali, akaijibisha kwa kuwasha taa zake. Ndani mlikuwa na kichupa cha unga wa chuma. Wimbi lilipofika, chembe za unga zilishikamana zikapitisha umeme, na kwa umeme huo mitambo ya mashua ikaamka. Kisha ilibidi kichupa kipinduliwe, chembe ziachane, ndipo amri ya pili ipokewe. Kichupa cha namna hiyo hakikuwa hodari wa kubagua. Hata radi iliweza kukishtua. Tesla aliuona udhaifu huo, na katika hati ya uvumbuzi aliyopewa mwaka 1903 alieleza jinsi ya kutumia mawimbi ya namna mbili pamoja, ili chombo kisitii mpaka yafike yote mawili, mfano wa kufuli la funguo mbili.

Kwamba wimbi halina siri, hapa Mombasa palijulikana vema wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1942 wategaji wa redio wa Kiingereza, waliokwisha kuhama Singapore na Colombo mbele ya Wajapani, walikaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, kisiwani, wakisikiliza sauti za adui kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwezi wa Novemba walifaulu kufumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Kijapani. Hapana aliyeiba waraka. Maneno yalikuwa yakipita hewani, yakatekwa.

Turudi kwenye vyombo vinavyotii. Mwaka 1935 Waingereza walitengeneza ndege isiyo na rubani, iliyoitwa Queen Bee, iwe shabaha ya wapiga mizinga. Mwendeshaji wake alikaa chini akizungusha kidude cha tarakimu kama cha simu ya zamani, na kila tarakimu ilikuwa amri. Miaka miwili baadaye, katika jimbo la Michigan, ndugu wawili mapacha, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ndogo kwa redio waliyojitengenezea, na hapo mchezo ukazaliwa.

Ulikuwa mchezo wa subira. Redio zilikuwa za valvu za kioo, nzito, zenye kula betri. Nyingi zilikuwa na kitufe kimoja tu, na usukani uliendeshwa kwa utepe wa mpira uliosokotwa: bonyeza, chombo chaenda kulia, achia, chanyooka, bonyeza tena, chaenda kushoto. Mwenye kusahau zamu alikipeleka chombo chake ukutani. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipunguza uzito huo, na katika miaka ya 1960 zikaja redio ambazo kijiti kikisogezwa kidogo, gurudumu nalo hugeuka kidogo.

Miaka hiyo hiyo pwani yetu iliona jambo kubwa zaidi la namna hii. Kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, upande wa Malindi, chombo cha San Marco 2 kilirushwa angani tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, kikafuata kingine kilichopewa jina la Uhuru, kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Nacho pia kilitii amri za redio kutoka ardhini.

Sasa tazama kisanduku chako. Ikiwa ni cha megahezi 27, tafuta kristali, yaani kipande kidogo cha kwazi ndani ya kopo la chuma. Huo ndio ufunguo. Njia sita zilipewa rangi: kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, kijani na buluu. Kristali ya kisanduku na ya kigari lazima ziwe za rangi moja, lakini usizibadilishane, kwani ya kigari kwa desturi huwa chini kwa kilohezi 455. Wachezaji wawili wa rangi moja hawawezi kucheza pamoja. Mmoja atanyang'anywa gari lake pasipo kuguswa. Safisha ukoga wa betri za alkali kwa siki au ndimu, upanguse, ukaushe. Angalia pia nyaya tatu za kijimota cha usukani: wenye viwanda hawakupatana juu ya mpangilio wake, na ukizikosea waweza kukiunguza.

Redio mpya za gigahezi 2.4, zilizoenea baada ya mwaka 2005, hazina kristali. Kila kisanduku kina namba yake, na kigari hufundishwa kuitambua namba hiyo peke yake. Kwa hiyo kisanduku cha kiwanda kimoja kwa kawaida hakisemi na kigari cha kiwanda kingine, hata vikiwa vizima vyote viwili.

Ukikwisha kutengeneza, washa kisanduku kwanza, kigari baadaye. Kwa kuzima, anza na kigari. Mpe mwenzako akishike kigari, magurudumu juu, nawe uondoke na kisanduku antena ikiwa imekunjwa, ukigeuza usukani kila hatua. Pale magurudumu yatakapoanza kusitasita, simama, uhesabu hatua zako, uziandike.