Nani Alisema Njaa Ijaziwe Fomu?

Mzazi wa Uingereza akitaka mtoto wake ale bure shuleni, mara nyingi anajaza fomu kwanza. Unapata pesa ngapi, unapokea msaada gani wa serikali, thibitisha. Marekani nao wakaongeza ngazi ya katikati: kuna mtoto wa kulipa bei kamili, kuna wa kulipa bei ya chini, na kuna wa bure. Yaani njaa imewekwa madaraja kama tiketi za meli.

Nilipoanza kusoma hizi habari, kilichonishangaza ni kwamba sisi huku Amu hatuna fomu kama hiyo. Fomu tunazijua sana, usinielewe vibaya. Aliyewahi kuomba basari ya CDF anajua: barua ya chifu, muhuri wa shule, sahihi ya imamu au mchungaji, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo. Mimi nimeacha chuo lakini hizo nakala ninazo bado kwenye faili. Ila chakula cha shule ya msingi, hapana. Hakuna mtoto wa Faza au Kizingitini aliyewahi kuambiwa alete ushahidi kwamba kwao sufuria ni tupu. Kuna sababu, na lazima turudi nyuma kidogo.

Anza na 1979. Moi ndiyo kwanza ameshika urais, akatangaza maziwa ya bure kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Ndiyo yale Maziwa ya Nyayo. Ukimtajia mtu aliyesoma miaka ya 80 atakuonyesha kwa vidole ile pakiti ya pembetatu, mililita 200. Kwa hesabu ya serikali, mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi walikuwa na haki ya pakiti ileile. Siasa ilikuwemo, jina lenyewe linakuambia. Miaka ya 90 hazina ikakauka, KCC ikayumba, na maziwa yakaisha. Lakini kanuni ilikuwa imeshawekwa: mtoto anapewa kwa sababu yuko shuleni, basi.

Na tazama wenzetu walikuwa wanafanya nini wakati huohuo. Uingereza iliruhusu halmashauri kuwalisha watoto wa shule tangu 1906, na 1944 ikawa ni lazima. Halafu 1971, Margaret Thatcher akiwa waziri wa elimu, akawaondolea maziwa ya bure watoto waliopita miaka 7. Mwaka 1980, akiwa waziri mkuu, sheria mpya ikaziondolea halmashauri wajibu wa kumpikia kila mtoto; wajibu ukabaki kwa wale tu ambao familia zao zinapokea misaada fulani. Tangu hapo mtoto wa bure akawa mtu wa aina yake, anajulikana.

Mwaka huohuo wa 1980 ndipo Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulipoanza kulisha shule za Kenya kwenye maeneo makavu. Hawakupima familia, walipima eneo. Kama sehemu yenu mvua ni ya kubahatisha na watoto hawafiki darasani, shule nzima inakula. Lamu iko kwenye zile kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame, ingawa mgeni akishuka jeti akiona minazi na bahari hawezi kuamini. Muulize yeye atakunywa maji ya wapi. Mji wa Lamu unategemea maji yaliyo chini ya machungu ya mchanga ya Shela, na yakiingia chumvi ndiyo basi.

Kumlisha mtu bila kumhoji si kitu kigeni kwetu pia. Habib Swaleh alipoanzisha Riyadha, mwishoni mwa karne ya 19, ugomvi wake na wakubwa wa mji ulikuwa kwamba anasomesha watu ambao wao waliona hawafai kusoma: watoto wa waliokuwa watumwa, wageni, maskini. Mpaka leo Maulidi ikifika, sinia ya pilau inawekwa na watu wanaikalia kuizunguka. Hakuna anayeuliza wewe ni wa mtaa gani. Sisemi WFP walijifunza Langoni, nasema tu kwamba mzee wa Amu haoni ajabu yoyote hapo.

Sasa njoo 2009. Serikali ikachukua watoto kama nusu milioni kutoka mikononi mwa WFP, na badala ya kuleta magunia ikaanza kutuma pesa kwenye akaunti ya shule. Hesabu ya mwanzo ilikuwa shilingi 7 kwa mtoto kwa siku. Shule inunue yenyewe, kwa wakulima wa karibu: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharagwe, gramu 5 za mafuta, chumvi. Kwa watu wa bara ni githeri, sisi pwani twaiita pure. Mwaka 2018 WFP wakakabidhi shule zilizobaki.

Wazo ni zuri. Shida ni neno "karibu". Kwa shule ya Mpeketoni au Hindi, mahindi yako shambani, na mwalimu mkuu anaweza kuyafuata kwa bodaboda. Kwa shule ya Kisiwa cha Pate, karibu ni ng'ambo ya maji. Gunia linapanda lori, linashuka, linapanda chombo, linashuka tena, linapanda punda, na kila kituo kina mtu wa kulipwa. Shilingi saba haiogelei. Halafu kuna yale ambayo serikali haikuyahesabu: kuni, maji, mshahara wa mpishi. Hayo ni mchango wa wazazi. Kwa hiyo fomu hakuna, lakini daftari la mchango lipo, na mama ambaye hajalipa anajulikana mtaani kuliko fomu yoyote ingemtangaza.

Na hapa ndipo ninapoona upande mbaya wa mfumo ninaousifu. Chakula kimefungwa kwenye shule, hakikufungwa kwa mtoto. Wodi ya Basuba, kwa Waboni, kuna shule 5: Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe. Baada ya mashambulizi ya 2014 zilifungwa kwa sababu ya usalama, na kufunguka kwake kumekuwa kwa kusuasua miaka na miaka. Shule ikifungwa, sufuria nalo limefungwa. Hawa ni watu ambao uwindaji wao ulipigwa marufuku 1977, na oparesheni za usalama zikawafungia hata msitu wa kutafutia asali. Baadhi ya watoto walihamishiwa bweni la Mokowe Arid. Waliobaki kijijini hawakuwa kwenye orodha yoyote ya chakula cha shule, manake orodha ilikuwa ni ya shule. Mwingereza na fomu yake ya fedheha angalau angekuwa na jina la mtoto kwenye kompyuta.

Nairobi, tangu 2023, wana Dishi na County. Mzazi analipa shilingi 5, zilizobaki zinalipwa na kaunti na washirika wake. Mtoto ana bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Malipo yanaingia kwa simu ya mzazi, kwa hiyo kwenye foleni huwezi kujua kwao kukoje. Mwaka huohuo London nayo ikaanza kulisha watoto wote wa shule za msingi za umma, bila kuuliza mapato ya mzazi. Miaka zaidi ya 40 ya kuchuja, halafu wakarudi palepale.

Mtu ataniambia kaunti kwa katiba ya 2010 inasimamia chekechea tu, shule ya msingi ni ya serikali kuu. Kweli. Nairobi waliingia makubaliano na serikali kuu, wakajenga majiko. Sisi jiko moja la Mokowe linaweza kulisha bara, lakini visiwani chakula kitapoa kabla chombo hakijafunga, kwa hiyo Pate inataka jiko lake. Na bangili, tofauti na sufuria, mtoto wa Mangai angeweza kuondoka nayo mpaka Mokowe, na kurudi nayo.