Batli na Zamu: Historia ya Istilahi Mbili za Kompyuta

Mwaka 1991 ulishuhudia mambo mawili yasiyojuana. Nchini Finland, mwanafunzi Linus Torvalds alitoa kiini cha mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Huko Uwemba, katika nyanda za juu za Njombe, kituo kidogo cha umeme wa maji kilianza kazi. Tumeyataja pamoja kwa kuwa mitambo ya namna zote mbili huhitaji mwandishi wa kudumu, anayeandika lililotokea na saa lilipotokea. Katika vituo vya umeme mwandishi huyo ni mtumishi wa zamu mwenye daftari. Katika kompyuta ni programu. Kiingereza huiita kumbukumbu hiyo log. Je, sisi tuiiteje?

Yafaa kwanza tutazame asili ya neno hilo. Maana yake ni gogo. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wakitupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita kwa muda maalumu ili wajue mwendo wa chombo. Hesabu iliandikwa kitabuni, na kitabu kikarithi jina la gogo. Baadaye hata watu wa bara, wasiopata kuona merikebu, walilitumia bila taabu.

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga syslog ili ihudumie programu yake ya barua, sendmail. Programu nyingine zikaipenda, na tangu hapo habari za mfumo mzima zikawa na karani mmoja.

Lakini daftari la karatasi lina ukurasa wa mwisho, ambapo faili haina. Huendelea kukua mpaka diski ijae, na huduma zikakwama kwa kukosa mahali pa kuandika. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, Erik Troan wa kampuni ya Red Hat aliandika programu ya logrotate. Kazi yake ni hii: kila juma, kwa mfano, faili inayoandikwa huongezewa namba 1 katika jina lake, ya 1 huwa ya 2, ya 2 huwa ya 3, na ya 3 huwa ya 4. Iliyokuwa ya 4 hufutwa. Faili mpya tupu hufunguliwa kwa jina la awali.

Wapo wanaoiita kazi hii kuzungusha. Sisi hatukubaliani nao. Kinachozunguka hurudi kilipoanzia. Faili iliyofutwa hairudi. Mwanafunzi atakayeamini neno hilo hatatunza nakala, na siku atakapogundua kwamba mwizi aliingia katika mfumo majuma sita yaliyopita, ushahidi utakuwa umekwisha kutoweka.

Tunapendekeza kupokezana zamu. Ni kweli kwamba mtu wa zamu hurudi kesho, na hapo mfano wetu unachechemea. Hata hivyo, neno hili linabeba jambo kubwa ambalo kuzungusha hakuligusi, nalo ni makabidhiano. Katika Unix jina la faili si faili yenyewe. Programu iliyokwisha kuifungua huendelea kuandika katika faili ileile ya zamani, ingawa jina limebadilishwa, mpaka ipewe ishara ya kufungua mpya. Zamu isiyokabidhiwa si zamu iliyokwisha.

Na log yenyewe? Neno kumbukumbu linaeleweka, lakini limekwisha kupewa kazi ya kutaja sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Neno daftari ni pana mno. Lugha ya mabaharia wetu ina neno batli, linalohusu upimaji wa mwendo wa chombo na uandishi wa habari za safari yake. Dhana ni ileile, na neno halina mzigo mwingine.

Huenda mwalimu wa Uwemba akauliza kwa nini afundishe kwa neno la nahodha, ilhali bahari iko mbali naye. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba Kiswahili kilipanda milima zamani kikiwa na maneno ya pwani, na watu wa bara wakayafanya yao. Batli itapata maana Uwemba siku mwanafunzi atakapoifungua na kuona kwa nini mashine yake ilizima usiku. Nalo neno zamu, walijualo walinzi, wauguzi na watunza mitambo wa bara na pwani, litamweleza ni kwa muda gani ushahidi huo utamngoja.

Twawaomba wasomaji watuletee maoni yao kabla maneno haya hayajapelekwa kusanifiwa.