"Tafiti zinasema…" Tafiti zipi?

1/ Mjadala wa chanjo ukipamba moto Garissa, hakosi wa kusema "tafiti zimethibitisha ni sumu". Tulia kwanza.

2/ 1998, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 12 tu, ukihusisha chanjo ya surua na usonji. Likaufuta 2010. Lakini hofu ilishawaingia ndugu zetu Wasomali kule Minneapolis, Marekani. 2017 surua ikalipuka kwa watoto wao.

3/ 2014, uchambuzi uliojumlisha tafiti 10, watoto zaidi ya milioni 1.2, haukuona uhusiano huo.

4/ Ila hata kujumlisha kuna hila: tafiti mbovu kumi hazizai moja nzuri. Uliza: zilichaguliwaje? Zipi zimeachwa? Nani kalipia?

5/ Uliza mapema. Polio ilipozuka Dadaab 2013, haikungoja tumalize kubishana.