Nyumba ya Mbotela na Sauti Iliyotufikia Mara

Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio wa Kenya, alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Watu wazima wa kata yetu ya Nyasura hawakuhitaji kuelezwa ni nani. Mji wetu wa Bunda, mkoani Mara, uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na kuendelea hadi Sirari mpakani, na redio ya Nairobi ilishika huku vizuri, hasa usiku. Tulilelewa na redio mbili, ya Dar es Salaam na ya Nairobi. Mjita, Mwikizu, Mkurya, Mzanaki na Msukuma waliketi kwenye benchi moja la duka wakiisikiliza, na wote walimwelewa.

Habari ya nyumba yake huanzia mbali na studio. Babu yake alikuwa Myao, mmoja wa maelfu waliokamatwa bara, wakateremshwa pwani na kupakiwa majahazini kuuzwa. Manowari za Kiingereza zilizosaka majahazi hayo ziliwakomboa baadhi yao, na kuanzia miaka ya 1870 waliokombolewa walishushwa Mombasa, katika kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Palijengwa mnara wa kengele, na kengele ikilia watu walijua wavamizi wanakuja. Mnara huo upo hadi leo, na mahali pale Wamombasa wanapaita Kengeleni.

Baba yake, James Juma Mbotela, aliyasikiliza masimulizi ya wazee wa kijiji hicho akayaandika. Mwaka 1934 Sheldon Press ya London ilichapa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi ndefu kuandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili. Wahakiki wa baadaye wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Mimi namheshimu kwa jambo jingine: wazee walikuwa wanakufa mmoja mmoja, naye hakukubali wafe na habari zao.

Leonard alizaliwa Freretown tarehe 29 Mei 1940. Mwaka 1964 aliingia Sauti ya Kenya, stesheni iliyopewa jina hilo mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kikadumu zaidi ya miaka 50. Alikuwa akitwaa tabia ya kila siku, kwa mfano mtu anayewaingilia wenzake mezani bila kualikwa, akaisimulia taratibu kama mzee anayezungumza na wajukuu, kisha akauliza swali lililo katika jina la kipindi. Hakumtukana mtu. Nyumbani mkosaji alijijua, na wenzake walimjua pia, wakamtazama.

Lakini huku kwetu wengi walimpenda kwa mpira. Mtangazaji wa redio huanza kwa kuuchora uwanja: timu gani inalinda lango la kaskazini, ipi la kusini, jezi zina rangi gani, jua linawapiga akina nani usoni. Kisha filimbi inalia na hapo hana pa kupumzikia. Huyu kaupata, kampasia yule, kapokonywa, mpira umetoka nje, wa kurusha. Anayetangaza televisheni anaweza kunyamaza, maana picha inasema. Wa redio akinyamaza, watu wa Nyasura wamepofuka. Ndiyo maana walikuwa wakikaa wawili, mmoja akiishiwa pumzi anamkaribisha mwenzake kwa jina, na mpira hausimami.

Mbotela alikuwa na sauti nzito iliyojua kupanda. Mpira ukiwa katikati alizungumza kwa utulivu. Ukikaribia kumi na nane maneno yalianza kukimbizana, na msikilizaji aliinuka kabla hajaambiwa kuna nini. Ndugu zetu wa Rorya, ambao wengi ni Wajaluo, walimfuata kwa ajili ya klabu ya Gor Mahia. Wengine walifuata timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars ya golikipa Mahmoud Abbas, iliyotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Upande wa Dar es Salaam nako kulikuwa na mafundi wa kutangaza. Tarehe 10 Agosti 1974 Yanga walipowafunga Simba 2-1 kwenye uwanja wa Nyamagana, Mwanza, wa jirani walipanda basi. Wengine walitegemea masikio. Na Agosti 1979, bao la Peter Tino lililotupa sare ya 1-1 kule Ndola, Zambia, na kutupeleka fainali za Afrika za 1980, Watanzania walilipata redioni.

Maandalizi yalianza asubuhi. Betri zilizochoka zilitolewa zikaanikwa juani juu ya bati, zipate nguvu ya kufika dakika ya 90. Redio iliwekwa mezani, antena ikaelekezwa dirishani, na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukigusa kile kitufe cha kutafutia stesheni.

Pasaka ilikuwa na mchezo wake mwingine, mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953 na ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipita Kenya, Uganda na huku kwetu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965, 1974 na 1976. Mwaka 1968 magari yaliyoondoka yalikuwa zaidi ya 90, yakafika saba. Mbio za namna hiyo hazionekani zote na jicho la mtu yeyote: gari linapita mbele yako mara moja, likaacha vumbi. Asiye na redio hakujua nani anaongoza.

Mtu aliyeitumikia redio hivyo hakuweza kujificha pale redio ilipotekwa. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga walimchukua Mbotela nyumbani kwake wakampeleka studio kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Walimtaka yeye kwa sababu nchi nzima iliijua sauti yake. Siku hiyohiyo majeshi ya serikali, yakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed, yaliikomboa stesheni, na sauti ileile ikatumika kutangaza kwamba mapinduzi yameshindwa. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania kwa ndege. Alirejeshwa Kenya 1983 na kunyongwa 1987. Mbotela alirudi kwenye kipindi chake na mpira wake.

Namfikiria pamoja na Murray Walker, Mwingereza aliyetangaza mbio za magari tangu 1949 hadi 2001, akafa Machi 2021 akiwa na miaka 97. Naye alikuwa mtoto wa mwenye kazi: baba yake, Graham, alikuwa mkimbiza pikipiki na mtangazaji, na walitangaza pamoja hadi mzee alipofariki 1962. Walker aliacha picha na sauti zilizotunzwa, na kijana wa leo anaweza kumsikia akitangaza mbio za miaka 40 iliyopita.

Kwetu hali ni tofauti. Tarehe 11 Mei 2025, miezi mitatu tu baada ya Mbotela, alifariki mtangazaji Charles Hilary, aliyeanzia Redio Tanzania, akapita Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, akamalizia akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Wawili hao wameondoka mwaka mmoja. Kitabu cha mzee James kina miaka zaidi ya 90 na bado kinasomeka. Mechi alizotangaza mwanawe zilikwenda na filimbi ya mwisho, isipokuwa zile zilizobaki katika kanda. Naziomba KBC ya Kenya na TBC ya Tanzania zizitoe kanda hizo makabatini, zizisafishe, ziandike kila moja ni mechi gani, ya lini, na nani alikuwa kwenye kipaza sauti, kisha zizirushe tena hewani Jumapili mchana, saa za mpira, watoto wa Nyasura wasikie.